Wagiriki wa Tanga na Wazee wa Kalemela

Nafundisha historia katika sekondari huku Kalemela, wilayani Busega. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya mashamba makubwa ya kikoloni huwauliza wanafunzi: nani babu yake alikata mkonge? Mikono hunyanyuka. Kabla pamba haijaanza kulipa vizuri, vijana wengi wa Usukumani walikwenda pwani kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Waliorudi walirudi na blanketi, baiskeli na majina ya matajiri wao, na mengi ya majina hayo hayakuwa ya Kiingereza wala ya Kijerumani. Yalikuwa ya Wagiriki. Likizo moja nikafunga safari ya Tanga kwenda kujionea.

Anayetafuta Tanga mji wa Kigiriki kama Tarpon Springs, kule Florida, hataupata. Wazamiaji wa sifongo kutoka Ugiriki walianza kuhamia Tarpon Springs mwaka 1905, na hadi leo kila tarehe 6 Januari msalaba hutupwa majini, vijana wakaupigia mbizi. Huko mgeni anaonyeshwa kanisa, mikahawa na bandari ya sifongo. Tanga mjini utaona mnara wa saa, boma la Wajerumani, bandari na baiskeli kila kona. Ugiriki wa Tanga uko mashambani, kwenye barabara ya Muheza na Korogwe, ambako mistari ya mkonge inakwenda mpaka macho yanachoka.

Mmea wenyewe nao ulitoka Florida. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka sabini na moja baadaye, mwaka 1964, nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za singa. Wanafunzi wangu hushangaa hapo, nami huwaachia nafasi washangae.

Wagiriki wengi walifika enzi za Wajerumani kama makandarasi na mafundi wa reli. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliyauza mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, na Wagiriki na Wahindi wakawa miongoni mwa wanunuzi. Baadhi yao walitajirika sana. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, una jina la mmoja wao. Ukumbi wenye jina la manamba, kibarua wa mkataba, sijauona popote.

Katika kambi moja ya zamani upande wa Ngomeni nilielekezwa kwa bibi mmoja aliyekaa kibarazani akichambua mchicha. Nikamsalimu, “Mwangaluka, mayu.” Akaitikia kwa Kisukuma kilichonyooka, ingawa alizaliwa palepale kambini na Usukumani hajawahi kufika. Baba yake aliletwa na Silabu, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kusaka vibarua mikoani. Akanieleza kazi kama aliyeifanya mwenyewe: unakata jani, unatoa mwiba wa nchani, unahesabu majani thelathini, unafunga, unabeba kichwani hadi kwenye reli ya matoroli yanayokwenda korona, kiwanda cha kutoa singa. Siku ikitimia, alama kwenye kipande, kadi ya kazi. Alama thelathini ndizo mshahara. Kazi isipotimia, siku hiyo haihesabiwi.

Nikamuuliza kuhusu tajiri wa Kigiriki. Akasema alijua Kiswahili kuliko Waingereza wote, aliwajua watu wake kwa majina, alikuja kwenye misiba yao, na alikata siku za watu bila huruma. Hayo yote aliyasema kwa pumzi moja. Nami siku hizi siwaruhusu wanafunzi wachague moja.

Jambo jingine ninalowapigia hesabu ubaoni ni uzito. Katika jani la mkonge singa ni kama asilimia 4 tu. Ili kupata kilo 4 za singa lazima mtu akate na kubeba kilo 100 za majani. Zirudisheni sasa zile tani 230,000 kuwa majani, halafu muulize yalibebwa na vichwa vya nani.

Nailoni iliangusha bei, na Oktoba 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba. Wagiriki wengi wakaondoka. Wasukuma, Wanyamwezi, Waha na Wabena wakabaki kambini, na wajukuu wao wapo hadi leo. Kwa hiyo ninaposikia urithi wa Wagiriki wa Tanga ukitajwa, nasema bila kusita kwamba warithi wake ni sisi pia.

Kwa kuwa Wagiriki wengi ni Wakristo Waorthodoksi, wanafunzi huuliza kama Uorthodoksi wa Bukoba na Mwanza uliletwa na matajiri wa mkonge. Hapana. Kanisa lile Kanda ya Ziwa lilitokea Uganda, ambako Mganda Reuben Spartas alilianzisha mwaka 1929 kwa kulitafuta mwenyewe, na mwaka 1946 Patriaki wa Aleksandria akalipokea.

Sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi anaweza kuandika maneno ya mzee kama yalivyotamkwa. Aliyekata mkonge akiwa kijana mwaka 1955 leo ana miaka zaidi ya themanini. Walimu wenzangu wa Busega, Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima, likizo hii wapeni wanafunzi daftari waende kwa wazee na maswali matatu: ulikuwa shamba gani, tajiri wako alikuwa nani, na nani mliondoka naye asirudi.