Shajara ya dukani, Machi 2025

Jumatatu, 3 Machi
Usiku wa kuamkia leo Flow imechukua Oscar ya filamu za katuni. Paka na wenzake ndani ya mashua, maji yamemeza nchi, na hakuna anayesema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Gints Zilbalodis na wenzake wa Latvia wameitengeneza kwa Blender, programu ambayo mwenye bando anaipakua bure. Nimemwambia kijana anayenisaidia dukani. “Dada, hao wana mashine.” Sawa, wanazo. Yeye anazima kinga ya virusi ili programu zake za kukreki zifunguke, halafu flashi ni hiyohiyo anayochomeka kwenye kompyuta yangu.

Blender nayo ilikaribia kufa. Kampuni ya Ton Roosendaal kule Uholanzi ilifungwa mwaka 2002, wawekezaji wakataka euro 100,000 ndipo waiachie. Watu wakachangishana, wiki saba zikatosha. Sisi tunaochangia hata harusi za watu tusiowafahamu tungewapita mbio.

Alhamisi, 6 Machi
Kina mama wa kikundi wameagiza kanga za sare, harusi ni baada ya Idi. Wanataka pindo la korosho.

Nimechora kwenye Krita, programu ya bure ya kuchora. Nikibonyeza W, kipande ninachochora kinajirudia pande zote, na brashi inayotokea kulia inaingia kushoto. Maungio ninayaona papo hapo. Mkia wa korosho usipokutana na mwenzake, naurekebisha kabla kiwanda hakijaniumbua. Nikihamia Inkscape, nayo ya bure, inaugeuza mchoro kuwa mistari, rangi kwa rangi: nyekundu peke yake, nyeusi peke yake. Ndivyo kiwanda kinavyotaka, maana kila rangi ina skrini yake. Kwa kazi hii sioni kabisa ningelipia nini kwingine.

Jumanne, 11 Machi
Kadi za harusi ni kasheshe nyingine. Fundi wa mtambo anataka faili la programu yake ya kulipia, na anataka CMYK, rangi za wino. Hilo la pili ana haki nalo. Inkscape inatoa RGB, rangi za kioo, na bluu inayong'aa kwenye kioo huishia zambarau kwenye karatasi. Kwa hiyo mchoro naupitisha Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, naweka wasifu wa rangi wa mtambo wake, natoa PDF. Herufi zote nimeshazigeuza maumbo, asije akafungua kwenye kompyuta isiyo na fonti yangu, jina la bibi harusi likatoka mraba mraba. Ni mzunguko, siwezi kukataa. Anayesema programu za bure hazina usumbufu hajawahi kupeleka kazi mtamboni.

Jumanne, 18 Machi
GIMP 3.0, programu ya bure ya kuhariri picha, imetoka juzi, tarehe 16. Tulivyoisubiri! 2.10 ilikuwa ya 2018. Sasa kivuli nilichoweka leo nakirudia kesho na kukipunguza, bila kuanza picha upya. Menyu bado zinachosha. Spencer Kimball na Peter Mattis waliianza mwaka 1995 wakiwa wanafunzi Berkeley, na mahali pengine bado inaonekana kama zana ya wanafunzi wa kompyuta. Kwa picha za pasipoti na mabango inanitosha.

Mteja kaleta faili la PSD, la Photoshop ya Adobe. Nimelifungulia Photopea, ndani ya kivinjari, tukamaliza. Adobe tangu 2013 matoleo mapya ni ya kodi ya mwezi. Kazi zangu za nyuma sitaki ziwe mateka wa kadi ya benki. Faili la Inkscape ni SVG, kivinjari chochote kinalionyesha.

Ijumaa, 28 Machi
Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama amekuja na daku bado iko usoni. Korosho anazitaka kubwa zaidi. Nimezivuta mbele yake, kingo hazikuchakaa. Kalipa nusu. Jina la kanga bado wanabishana kwenye kundi la WhatsApp, nimewaachia nafasi chini ya mji. Kijana naye kaomba Krita. Nitampa, flashi yake ikishasafishwa.