Nilipowaongezea watu

Leo wacha nikiri kosa. Muhula uliopita nilisaidia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu. Kundi moja la watu watano lilikuwa likiunda programu ya kugawa vyumba vya hosteli. Zikibaki wiki mbili wawasilishe, walikuwa nyuma sana. Mimi nikawaongezea wenzao watatu.

Frederick Brooks alishaonya mwaka 1975: ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Hesabu ni rahisi. Kila mtu akizungumza na kila mwenzake, watu watano wana njia 10 za mawasiliano. Wanane wana 28. Siku nne ziliisha wakiwaeleza wageni kazi, na kazi yenyewe imesimama.

Mwishowe tukapunguza. Malipo na ripoti tuliviacha, ikabaki kuomba chumba na kupewa. Kila jioni kila mmoja aliunganisha kazi yake kwenye Git, hata kama ni mistari kumi. Siku ya kuwasilisha, programu ilifanya kazi.

Alama walipata. Lakini yule aliyekesha akiandika sehemu ya malipo hakunisalimia hadi muhula ukaisha. Namwelewa. Ningepunguza mapema, asingekesha bure.