Rosa Ametoroka Kitabuni

Tangu nistaafu ualimu, natunga mchezo kwa ajili ya vijana wa mtaani kwetu. Rosa ametoroka kutoka *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Wachezaji watafuata barua zake, nitakazozificha dukani, maktabani na kituo cha basi, hadi wamrejeshe kitabuni.

Nilipomsomea mjukuu wangu kanuni, aliniuliza, "Babu, tukimrudisha si atakufa tena?"

Nikanyamaza. Nilipoifundisha riwaya hiyo, niliwatahini wanafunzi: jadili sababu za kifo cha Rosa. Walijibu vyema, nami nikawapa alama. Sikuwauliza hata mara moja ni nani kati yao angemfungulia mlango.

Kanuni ya mwisho nimeifuta. Sasa mshindi ni yule atakayempata Rosa akampa hifadhi.