Draivu Mpya, Namba Mpya

Tangu nirudi Bulyaga, watu huniuliza nilikuwa nafanya kazi gani huko mjini. Nikijibu kwamba nilikuwa natunza kanda, hudhani ni za muziki wa dansi. La hasha. Zilikuwa kanda za LTO-5, kizazi kilichotoka mwaka 2010, na moja hubeba terabaiti 1.5. Humo mlikuwa na nakala za akiba za watu: amana, hisa na mikopo, pamoja na ile iliyokwisha kulipwa ambayo mtu hapendi kudaiwa tena.

Seva nne zilitumia kwa zamu draivu mbili zilizokuwa ndani ya kabati moja, na roboti ndiyo iliyopandisha na kushusha kanda. Draivu ni ghali, hivyo kushirikiana kulikuwa busara.

Siku moja draivu ya pili ilikufa. Fundi alileta nyingine ya aina ile ile, akaichomeka pale pale, akaiandikisha kwenye seva kuu, taa ikawaka kijani, akaenda zake. Usiku ule seva kuu iliitumia vizuri. Zile tatu zilikuwa bado zikimngoja marehemu. Kazi zilizopangiwa draivu ile hazikufanyika, na kama diski ingeharibika kesho yake, malipo ya siku nzima yangepotea.

Kila draivu hutoka kiwandani na namba yake, na programu ya nakala huitambua kwa namba hiyo. Roboti nayo hutaja namba ya draivu iliyo katika kila nafasi. Zisipolingana, programu hugoma. Wenzangu waliuita ukaidi. Mimi naona ni uaminifu, maana roboti ikipandisha kanda huku na seva ikaandika kule, yaweza kuharibika kanda isiyohusika. Basi ilinibidi nipite seva moja moja, nifute namba ya zamani, niiamuru itafute vifaa upya, kisha niandikishe mpya. Kanda zenyewe hazikuwa na neno. Zilizoandikwa na draivu ya zamani zilisomeka bila taabu kwenye mpya.

Wako watengenezaji wanaoweza kuipa namba nafasi badala ya draivu, kama hapa kwetu tunavyosema "nenda kwa balozi" bila kujali balozi ni nani mwaka huu. Ni raha, nakiri. Lakini kanda zikianza kuharibika, utajuaje kama ni kazi ya draivu hii au ya ile iliyoondolewa mwezi uliopita? Kwa hiyo niliweka daftari la kawaida la dukani: nafasi, namba ya kiwandani, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Nilipoondoka nililiacha juu ya kabati, limefungwa kwa kamba ili asije mtu akalichukua kuandikia madeni ya chai.