Kutoka Manika Hadi Mbudya: Safari Yangu ya Kwanza Baharini

Yaya, ndugu yangu mkubwa, ana nyumba ya wageni mtaa wa Manika, hapa Kolwezi nchini Kongo, na shauri lake ni moja: pale mapokezi anataka tangi la samaki wa baharini lenye matumbawe hai. Mimi nilikuwa nafuga samaki wa maji baridi tu, basi nikatumwa pwani kujifunza. Bahari yenyewe tulikuwa tunaisikia kwa madereva wanaopeleka shaba na kobalti ya Lualaba Dar es Salaam. Nikapanda basi kufuata njia yao.

Mpakani Kasumbalesa malori yalikuwa yamepanga foleni, madereva wakisonga ugali kando ya trela zao. Tukaikatiza Zambia, tukaingia Tanzania kwa Tunduma. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu huijua maana ya maneno hayo anaposhuka Mlima Kitonga: joto linapanda, koti linavuliwa, na kufika Mikumi shati limeshagandamana na mgongo.

Mwenyeji wangu Dar es Salaam ni fundi wa matangi ya samaki. Kesho yake alinipeleka Kunduchi, tukapanda boti kwenda kisiwa cha Mbudya.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia nahodha.

"Marahaba, mwanangu. Leo bamvua, maji yatapwa sana. Utaona mpaka mizizi ya bahari."

Kweli, tulipofika mwamba ulikuwa umeanza kuchomoza. Nilichota maji kwa kiganja nikaonja, nikayatema. Fundi akacheka, akatoa refraktomita mfukoni. Ni kijibomba kifupi chenye kioo upande mmoja. Alidondosha tone la maji ya mkondo, akafunika kifuniko taratibu lisiingie povu, akanielekeza nitazame kwenye mwanga. Ndani niliona duara la buluu juu na nyeupe chini, na mpaka wa rangi hizo ulikatiza kwenye 35. Maana yake ni gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji.

Kisha tukasogea kwenye kidimbwi kilichoachwa mwambani tangu maji yalipoanza kupwa. Kaa mdogo alikuwa anaburura gamba lake pembeni. Tukapima: 38.

"Umeona, mdogo wangu? Jua limechukua maji, chumvi limeiacha palepale."

Tulingoja maji yajae. Wimbi lilipokifikia kidimbwi na kukifunika, tulipima tena, tukapata 35. Hapo nikaelewa nilichotumwa kujifunza. Baharini kusawazisha ni kazi ya kupwa na kujaa. Manika hakuna bamvua, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mwenye tangi, kila siku.

Jioni tulifanya hesabu. Tangi la lita 200 lina takriban kilo 7 za chumvi. Zikipotea lita 20 kwa mvuke, zile kilo 7 zinabaki zote, na kipimo kinapanda hadi karibu 39. Samaki wengi wanaweza kustahimili kwa muda, maana miili yao inajua kurekebisha chumvi. Matumbawe hayana figo. Maji ya ndani yao hufuata maji ya nje. Kwa hiyo kilichopungua hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Anayejaza kwa maji ya chumvi anaongeza chumvi juu ya chumvi. Na kipimo kikishapotoka, hurudishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Nilimuuliza fundi kama chumvi ya jikoni ingefaa, maana hata Katanga tuna chumvi ya kale, ile ya chemchemi za Mwashya kwenye bonde la Lufira. Akakataa. Maji ya bahari yana pia magnesi, kalsi na potasi, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsi. Inatakiwa chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari, ikorogwe kwenye pipa la pembeni kwa pampu hadi iyeyuke yote, ipimwe, ndipo maji yaingie tangini.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni shaba. Wafugaji huitumia kutibu samaki wenye vimelea, ila kiasi kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe. Sisi tunaishi juu ya shaba! Maji ya kisima cha Kolwezi hayafai kuingia tangi la matumbawe kabla ya kupimwa na kupitishwa kwenye kichujio cha osmosi.

Mbudya sikuchukua hata kipande cha tumbawe: ni hifadhi ya bahari, na kung'oa ni marufuku. Nilirudi na refraktomita na chupa ya maji ya kuirekebishia, yaliyotengenezwa kusoma 35 kamili.

Nilimwambia Yaya hivi, na ndivyo ninavyomwambia yeyote wa bara mwenye hamu kama yake: nunua kipimo kabla ya samaki, na kichujio kabla ya kipimo. Endesha tangi kwa maji ya chumvi peke yake kwanza, bila samaki wala matumbawe, mpaka uweze kuishikilia 35 mwezi mzima bila kuyumba, hata katika kiangazi cha Juni. Ukishindwa, fuga perege.