Paris: Ukifika Opera, Mtafute Georges Thill

Ukijaliwa kufika Paris, panda garimoshi la chini ya ardhi ushukie kituo cha Opéra. Ukitokeza nje utakutana ana kwa ana na Palais Garnier, jumba lililofunguliwa mwaka wa 1875. Lipa kiingilio uingie. Wageni wengi huishia kwenye ngazi za marumaru, wakipigana picha. Wewe endelea hadi ukumbini, uinue macho. Dari ile ya rangi zinazong'aa ilichorwa na Marc Chagall na kuzinduliwa mwaka wa 1964. Nyuma yake ingalipo dari ya zamani, imefichika.

Chini ya dari hiyo ya zamani ndipo alipoimba Georges Thill, mwenye sauti ya juu ya kiume ambayo wanakwaya huiita tenori. Alizaliwa papa hapa Paris mwaka wa 1897. Baada ya kusomea muziki jijini, alikwenda Naples, Italia, akafundishwa na Fernando De Lucia. Aliporejea, mwaka wa 1924, alipanda jukwaa hili katika opera ya Thaïs. Baadaye alialikwa hadi Milan na New York.

Sasa toka nje, utembee dakika chache hadi jumba la Opéra-Comique. Wapiga ala wa hapa ndio walioshirikiana naye mwaka wa 1931 kurekodi Werther, opera ya Massenet, akiwa na mwimbaji Ninon Vallin. Usidhani ilikuwa kazi nyepesi! Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne na ushei tu, na opera yenyewe huchukua takriban saa mbili. Basi mwimbaji alikatizwa katikati ya majonzi, kisha akatakiwa kuanza pale pale alipoachia, huzuni ikiwa ile ile. Nimetega sikio mara nyingi nisikie mshono. Sijausikia.

Nawe mwanafunzi unayehangaika na Kifaransa, kuna faida nyingine. Thill hamezi maneno. Kila silabi hutoka safi, hata sauti inapopanda juu kabisa, jambo ambalo waimbaji wengi wenye majina makubwa huwashinda.

Thill alifariki mwaka wa 1984. Werther yake imekwisha kutolewa upya kwenye CD. Isikilize kabla hujafunga safari, ili ukikaa katika viti vile vyekundu ujue ni nani aliyekuwa akiimba pale mbele.