Saa Kumi na Moja, Sokoni



Kila mwaka, sikukuu ya somo wa parokia ikaribiapo, twachagua kitenge kimoja ili kwaya na vikundi vyote vishone. Bei twaibishania sana. Kimefumwa wapi, hatuulizi. Na hali pamba ililimwa hapa hapa, katika uwanda wa Ruzizi, na ziwa letu lilikuwa na viwanda vya nguo: FILTISAF huko Kalemie, COTEBU huko Bujumbura. Cha Kalemie kilinyamaza miaka ya 1990. COTEBU ilifungwa miaka ya 2000, ingawa baadaye ilifufuliwa kwa jina la Afritextile. Hata UTEXAFRICA ya Kinshasa iliacha kufuma mwaka 2007. Mashine zilikuwa zimechakaa, vita vilikuwa vimeharibu mengi, navyo vitambaa vya China viliuzwa kwa bei ambayo mfumaji wetu hakuiweza.

Katika shirika letu la msingi yupo mzee aliyekuwa fundi wa mashine huko Kalemie. Kiwanda kilipofungwa alishuka bandarini Kalundu na jamaa yake na sanduku moja. Kwa miaka mingi alibeba mizigo, na Jumapili aliimba besi. Mgongo ulipomshinda, alianza kukosa Misa, na mchango wake ukakatika. Sisi tulioshika daftari tulipiga mstari juu ya jina lake. Tulisema amelegea. Hakuna aliyekwenda kumwona.

Siku moja tulipokuwa tukielekea Kavimvira tulimkuta ameketi mlangoni, vidole vyake vikicheza juu ya goti kana kwamba vyaunga uzi uliokatika.

“Mwalimu,” alituambia, “njaa nimeizoea. Ila naamka asubuhi, na hakuna mahali ninapongojewa.”

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, aliuita ukosefu wa kazi ubaya. Hakusema ni ubaya wa yule aliyeikosa. Na mwenye shamba wa Mathayo sura ya 20, alipowakuta watu wamesimama sokoni saa kumi na moja, aliwauliza kwanza sababu. Fumbo hilo tumelifundisha katekesini miaka na miaka.

Jina la mzee tumeliandika upya, chini ya ule mstari. Kitenge cha mwaka huu kimekwisha fika, na kipande chake tumemwekea. Hajaja kukichukua.